Nyutro ikatike darasani: jinsi ya kufundisha umeme mkubwa kwa maabara ya kompyuta

Walimu wenzangu wa umeme, hasa nyie mlioko VETA (vyuo vya ufundi stadi vya Tanzania) na vyuo vya ufundi vya kati, hii ni ya kwenu. Watu wengi wakisikia maabara ya kompyuta wanajua ni kitu cha kuzibia pengo, yaani chuo hakina hela ya vifaa basi vijana wanawekewa michoro inayochezacheza kwenye skrini wapite mtihani. Mimi naona tofauti kabisa. Kwenye umeme mkubwa, ule wa laini na transfoma na mitambo ya kufua umeme, kuna mambo ambayo kwenye kompyuta ndo sehemu pekee unaweza kuyafanya, kwa sababu hakuna chuo chochote, kiwe na hela kisiwe nazo, kitakachokuruhusu ukate nyutro ya mtaa (waya wa kurudishia umeme kwenye transfoma) makusudi uone TV zikiungua, au ujaze lodi kwenye laini ya kilovolti 33 mpaka volteji iporomoke. Kwenye kompyuta unafanya yote mawili kabla ya mapumziko ya chai na hakuna anayekupigia simu kulalamika.

Kwa hiyo ukikaa kupanga somo usianze na programu. Anza na swali: ni kitu gani kwenye mada hii siwezi kumruhusu mwanafunzi akifanye kwa mikono yake, ama kwa sababu kitamuua, ama kitaunguza kifaa cha mamilioni, ama kina urefu wa kilomita 40? Hicho ndo kiende kwenye kompyuta. Mambo ya betri, balbu na mita fanya kwa betri, balbu na mita, ni rahisi na yanapendeza zaidi mkononi.

Tofautisha kwanza aina mbili

Kuna maabara ya kuigiza, ambapo kila kitu ni hesabu ndani ya kompyuta, hakuna waya wowote wa kweli. Halafu kuna maabara ya mbali, ambapo kifaa ni cha kweli kabisa, kimekaa kwenye chumba fulani, wewe unakiendesha kupitia intaneti na kusoma vipimo vyake. Hii ya pili ilishafika kwetu zamani, mradi wa iLabs wa MIT kule Marekani, uliotokana na kazi ya Jesús del Alamo ya kupimisha transista kupitia intaneti tangu 1998, ulishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere na Obafemi Awolowo cha Nigeria. Ni kitu kizuri sana ila kinataka intaneti ya uhakika na mtu wa kukitunza kifaa kila siku. Ukiwa mwalimu mmoja na projekta moja, anza na ya kuigiza. Kuanzia hapa naongelea hiyo tu.

Programu za kuanzia, zote bure

Usipakue kumi. Mbili zinakutosha mwaka mzima, zilizobaki ni ziada.

Ya kwanza ni kile kisimuleta cha saketi cha Falstad, kinafunguka kwenye brauza, na lipo toleo la kompyuta unaloweza kuweka kwenye flashi likafanya kazi bila intaneti. Unachora saketi, unaona karenti inatembea kama vidoti, unaweka skopu (kidirisha cha kuonyesha mawimbi ya volteji na karenti) pale unapotaka. Kwa saketi ndogo za AC sijaona kinachokishinda.

Ya pili ni pandapower, ambayo ni ya Python, imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Kassel na Fraunhofer huko Ujerumani. Hii ndo ya mitandao mikubwa, lodi floo (hesabu ya umeme unavyopita na volteji inayobaki kila sehemu), shoti na kadhalika. Kama kompyuta za chuo ni dhaifu unaiendesha kwenye Google Colab hata kwa simu, mana hesabu inafanyika huko huko kwao.

Ziada: kwa wanaoanza kabisa kuna PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, inashika vizuri kwenye simu na baadhi ya mazoezi yake yametafsiriwa Kiswahili. Kwa saketi za kontrol, zile za kuwasha na kuendesha mota, kuna CADe SIMU, programu ndogo ya Windows. Wahindi nao wana Virtual Labs yao ambayo IIT mbalimbali (vyuo vyao vya teknolojia) zimeweka mazoezi ya mashine za umeme na mifumo ya umeme, unaweza kuchukua mawazo humo. Na ukija kwenye usambazaji wenye fezi zisizo sawa kuna OpenDSS ya EPRI, taasisi ya utafiti wa umeme ya Marekani, ila hiyo waachie wa digrii.

Sheria ambayo usiivunje: karatasi kwanza

Mwanafunzi haruhusiwi kubonyeza kitu chochote kabla hajaandika kwenye daftari anategemea kuona namba gani, na kwa nini. Kwa kalamu, sio penseli. Bila hivo anachofanya ni kucheza gemu, atazungusha namba mpaka apate inayofanana na ya jirani. Akishaandika utabiri wake anakuwa na dau, na kompyuta ikitoa namba nyingine lazima atafute nani kakosea, yeye au kompyuta. Na mara nyingine ni kompyuta kweli, au tuseme ni namba alizoiingizia.

Sasa tuingie kwenye mazoezi yenyewe.

Zoezi la nyutro iliyokatika

Mimi ningeanza na hili kabla ya jingine lolote, kwa sababu kila mwanafunzi ana habari ya mtaa fulani umeme ulikuja mkubwa ukaunguza friji na TV, na karibu kila mmoja anaamini ni shirika limeleta umeme mwingi.

Fungua Falstad, weka chanzo cha AC. Hapa kuna mtego wa kwanza: kikija chenyewe kina volti 5 na hezi 40. Badilisha hezi iwe 50. Mtego wa pili ni mbaya zaidi, ile volteji unayoandika pale ni ya kilele, sio ile 230 tunayoisema kila siku. Kwa hiyo andika 325. Ukiandika 230 umempa mteja wako volti 163 na darasa zima litapata majibu ya ajabu ajabu halafu wataanza kusema programu mbovu. Walioko Kenya na Uganda wanaotumia 240 waandike 339.

Weka chanzo cha pili kama hicho, ila kwenye sehemu ya kusogeza fezi andika 120. Unganisha upande mmoja wa kila chanzo pamoja, hapo ndo nyutro ya transfoma, iwekee na alama ya ethi. Sasa weka lodi mbili: kwenye fezi ya kwanza balbu ya wati 60, yaani rezista ya ohmu 882, kwenye fezi ya pili pasi ya wati 1000, rezista ya ohmu 52.9. Wao ndo wapige hesabu ya hizo ohmu, usiwape. Miguu ya chini ya lodi zote mbili ikutane sehemu moja, halafu kutoka hapo waya urudi kwenye nyutro ya transfoma kupitia swichi. Hiyo swichi ndo shujaa wa zoezi.

Swichi ikiwa imefungwa, yaani nyutro imeunganishwa, kila kitu kinapata 230, hakuna habari. Sasa kabla ya kuifungua uliza darasa: nyutro ikikatika balbu itapata volti ngapi? Wengi wataandika sifuri, kwa sababu wamefundishwa bila nyutro saketi haijakamilika. Wachache wataandika 115. Fungua swichi. Waambie waangalie skopu ya balbu, bonyeza skopu itoe RMS, yaani ile volteji tunayoisema kila siku kama 230, wasisumbuke na kilele: volti 376. Na pasi je? Volti 22 na nusu, haipati hata joto la kunyoosha leso.

Hapo acha kimya kidogo, wabishane. Halafu waongoze kwenye hesabu: balbu na pasi sasa zimekaa mfululizo kati ya fezi mbili, na kati ya fezi na fezi kuna volti 398, kwa hiyo mwenye ukinzani mkubwa anachukua volteji kubwa. 398 mara 882 gawanya kwa 935, hiyo hapo. Mwenye kifaa kidogo ndo anaunguliwa, jirani mwenye pasi na jiko la umeme anaona tu umeme umefifia. Mwambie mwanafunzi apige wati za balbu ile kwa volti 376, atapata kama 160 kwenye balbu ya 60. Kwenye skrini rezista haiungui, inakaa tu, kwa hiyo lazima wewe umlazimishe aandike kwa maneno nini kingetokea kwenye kifaa cha kweli. Atatokea mjanja atakwambia ukinzani wa balbu ya waya haukai pale pale ikizidi kupata joto. Yuko sawa, mpe maksi.

Halafu wape swali la kupeleka hosteli: weka fezi tatu, pasi tatu zinazofanana, kata nyutro. Nini kinatokea? Hakuna kitu. Kila moja inabaki na 230 yake. Mwanafunzi akielewa kwa nini, ameshaelewa kazi ya nyutro kuliko kurasa nyingi za notisi, na ataelewa kwa nini karakana yenye mota za fezi tatu tupu inaweza kukaa na nyutro iliyokatika muda mrefu bila mtu kujua, mpaka siku mlinzi anachomeka redio.

Zoezi la pawa fakta, na kapasita iliyozidi

Pawa fakta ni sehemu ya umeme unaovutwa ambayo kweli inafanya kazi. Hili kila mtu anafundisha ila linafundishwa kwa fomula, pembetatu ubaoni, mwisho. Tumia Falstad hiyo hiyo. Chukua mota ndogo ya fezi moja ya kilowati 1.5 yenye pawa fakta 0.7. Kwenye saketi mota hiyo unaiigiza kwa rezista ya ohmu 17.3 mfululizo na koili ya milihenri 56. Mbele yake, kwenye waya unaotoka kwenye chanzo, weka rezista ya nusu ohmu, huo ndo waya wa kutoka nguzoni. Usiiruke hiyo nusu ohmu. Kwanza ndo inayoonyesha upotevu, pili ukija kuweka kapasita moja kwa moja kwenye chanzo kisicho na ukinzani wowote Falstad inagoma inakwambia kuna mzunguko hauna ukinzani.

Bila kapasita karenti kwenye waya wa nguzoni inasoma kama ampia 9.2, na ile nusu ohmu inakula wati 42. Waambie watafute kapasita ya kupandisha pawa fakta mpaka 0.95, hesabu inaleta karibu mikrofaradi 62. Iweke sambamba na mota. Karenti inashuka mpaka 6.8, upotevu wati 23. Mota haijui kama kuna kitu kimebadilika, inavuta ile ile tu, na hilo wanafunzi hawaamini mpaka waweke skopu mbili, moja kwenye mota na nyingine kwenye waya.

Ila utamu uko hapa. Baada ya hapo waambie waweke mikrofaradi 200. Kichwani mwa mwanafunzi kapasita ni dawa, ikiwa kubwa zaidi ni nzuri zaidi. Karenti inapanda mpaka ampia 10, mbaya kuliko ilivyokuwa mwanzo bila kapasita. Dozi ikizidi inakuwa sumu. Hapo somo la benki za kapasita zinazojiwasha na kujizima zenyewe kwenye viwanda linaingia bila nguvu, mana wenyewe watauliza sasa mota ikizimwa kapasita ikabaki inakuwaje.

Laini ya kilovolti 33 ya kwenda kijijini

Hili ndo ninalolipenda kuliko yote. Tuseme kuna kijiji kiko kilomita 40 kutoka kituo cha kupozea umeme, laini ya kV 33, waya wenye ukinzani wa ohmu 0.28 kwa kilomita na riaktansi (ukinzani wa AC unaotokana na sumaku ya waya) ya ohmu 0.37 kwa kilomita, lodi ni megawati 3 kwa pawa fakta 0.9. Volteji mwisho wa laini ni ngapi?

Kwanza karatasi. Ukinzani wote ohmu 11.2, riaktansi 14.8, megavari (umeme usiofanya kazi, ile Q) ni 1.453. Fomula ya haraka ni P mara R jumlisha Q mara X, gawanya kwa volteji, inaleta kushuka kwa kV 1.67, yaani kama asilimia 5. Waandike. Halafu pandapower:

```
import pandapower as pp
net = pp.create_empty_network(f_hz=50)
kituo = pp.create_bus(net, vn_kv=33)
kijiji = pp.create_bus(net, vn_kv=33)
pp.create_ext_grid(net, kituo)
pp.create_line_from_parameters(net, kituo, kijiji,
    length_km=40, r_ohm_per_km=0.28, x_ohm_per_km=0.37,
    c_nf_per_km=0, max_i_ka=0.3)
pp.create_load(net, kijiji, p_mw=3, q_mvar=1.453)
pp.runpp(net)
print(net.res_bus, net.res_line)
```

Ni hiyo tu. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuandika kodi anaweza kunakili na akaelewa kila mstari unafanya nini, mabasi mawili (yaani sehemu mbili za kuungania, kituo na kijiji), laini moja, lodi moja. Kwenye Colab atangulize `!pip install pandapower` juu kabisa. Jibu la volteji linakuja kwa mfumo wa pa yuniti, yaani kama sehemu ya volteji ya kawaida, kijiji kitasoma karibu 0.946, zidisha kwa 33 unapata kV 31.22. Yaani imeshuka 1.78, sio 1.67 ya kwenye karatasi.

Usiseme "karibu sawa" ukapita! Hiyo tofauti ndo somo. Kwenye karatasi tuligawanya kwa 33, lakini lodi haikai kwenye 33, iko kule mwisho ambako volteji ishashuka, na lodi ya megawati 3 ikipewa volteji ndogo inavuta karenti kubwa zaidi ili ipate megawati zake, ikivuta karenti zaidi volteji inashuka tena. Lodi floo ni kutafuta mahali huo mvutano unapotulia. Ukilielezea hivyo baada ya wao kuona 1.67 na 1.78, Newton-Raphson, ile njia ya kukisia na kurekebisha inayotafuta jibu hilo, haiwi tena kitu cha kukariri.

Sasa endelea kuibana. Kijiji kimekua, wamefungua mashine za kusaga na kiwanda cha maziwa, lodi imefika megawati 6, na megavari zizidishe mara mbili pia. Uliza kwanza: lodi imezidi mara mbili, upotevu utazidi mara ngapi? Waliosoma watasema mara nne. Kwenye megawati 3 upotevu ulikuwa kilowati 128, kwenye 6 unakuja 585, yaani mara nne na nusu hivi. Nusu ya ziada imetoka kwenye ule ule mvutano. Na volteji ya kijiji imeshuka mpaka 29.2, karibu asilimia 12, hapo friji zinahema na mota haziwaki vizuri.

Halafu ongeza taratibu, 10, 12, 13. Kwenye 13 bado unapata jibu, ila jibu la aibu, kV 21 na kidogo. Weka 14. Programu inakataa, inatoa maandishi mekundu kwamba hesabu haijafika mwisho. Mwanafunzi wa kawaida atainua mkono, "Mwalimu, imegoma." Mwambie haijagoma, hilo ndo jibu lenyewe: kituo kikiwa kwenye kV 33, hakuna volteji yoyote pale kijijini inayoweza kupokea megawati 14 kupitia waya huo, laini hiyo ingezimika. Waambie wachore grafu ya volteji na megawati waone pua ya ule mchoro inavyojikunja. Kama kuna njia nyingine ya kumwonyesha kijana volteji kuporomoka bila kuzima mkoa mzima, mimi siijui.

Mkimaliza, mwulize atamwokoaje mteja: aweke kapasita kijijini, abadilishe waya uwe mnene, au asogeze kituo? Ajaribu yote kwenye kodi ile ile kwa kubadilisha namba moja moja. Akitaka mtandao mkubwa zaidi, pandapower inakuja na ile kesi ya IEEE (chama cha wahandisi wa umeme) ya mabasi 14, ambayo asili yake ni kipande cha mtandao wa kweli wa Marekani wa mwaka 1962.

Excel nayo ni maabara

Frikwensi watu wanaiogopa kwa sababu wanadhani inataka programu za gharama. Chukua hesabu ya bei rahisi: mashine moja ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 235, ziko tisa, jumla 2,115. Hiyo mashine moja ni kubwa kuliko Kidatu nzima yenye megawati 204. Sasa uliza, ikiachia ghafla frikwensi inashuka kwa kasi gani? Chukua namba za kudhania, mfumo wenye mashine za MVA 2,000 zinazozunguka na inersha (uzito wa mzunguko unaozuia kasi kubadilika ghafla) ya sekunde 4. 235 mara 50, gawanya kwa mbili mara 4 mara 2,000, unapata hezi 0.73 kwa sekunde. Kwenye Excel weka mistari ya sehemu ya kumi ya sekunde, kila mstari frikwensi ishuke kidogo, halafu kuanzia sekunde ya pili anza kuongeza megawati za gavana (kidhibiti cha kasi ya mashine) taratibu, uone grafu inavyozama na kuinuka. Wacheze na inersha, wakiishusha iwe 2 wataona kwa nini watu wa gridi wanakosa usingizi wakisikia sola nyingi.

Saketi za kontrol

Hapa nitapita haraka. Sta-delta (kuwasha mota kwa hatua mbili), mbele-nyuma, taima, waache wachore kwenye CADe SIMU mpaka ifanye kazi ndo waruhusiwe kugusa bodi ya kweli. Makosa kama kufunga kontakta ya sta na delta kwa pamoja yanaishia kwenye skrini badala ya kwenye fyuzi zako.

Bando, simu na makundi

Kwa hali halisi ya vyuo vyetu, wawili kwa kompyuta moja ni wazuri kuliko mmoja mmoja, wakiwa watatu, wa tatu anakuwa mtazamaji. Badilishana kiti kila zoezi. Kuchora saketi ya Falstad kwa kidole kwenye simu ni mateso, kwa hiyo saketi ichore wewe nyumbani, toa linki yake, tuma kwenye grupu la WhatsApp, wao wabadilishe namba tu. Programu zote zipakue mara moja uziweke kwenye flashi, usitegemee intaneti ya darasani siku ya somo, na laptopu zichajiwe jana yake. Projekta ikikosa umeme katikati ya somo la umeme utachekwa mwaka mzima.

Kunakiliana kunatibika kirahisi. Tarakimu mbili za mwisho za namba ya usajili ziwe urefu wa laini yake au wati za pasi yake, kila mtu ana jibu lake. Kwenye kusahihisha mimi naweka maksi nyingi kwenye maelezo ya tofauti kati ya utabiri na kompyuta kuliko kwenye namba sahihi, mana namba sahihi kompyuta imeitoa, sio yeye. Mwenye utabiri uliokosea kabisa na maelezo mazuri ya kwa nini anampita mwenye namba safi na sentensi mbili.

Yale ambayo skrini haifundishi

Kwenye kompyuta kila skrubu imekazwa. Hakuna tamino iliyolegea inayopata joto mpaka plastiki inanuka, hakuna panya aliyetafuna waya, hakuna fundi aliyetangulia akatumia waya wa kijani na njano kama fezi. Kapasita ya zoezi lako la pili ukiizima kwenye skrini imezimika, ile ya kweli inaweza kubaki na volti mia tatu na kitu inakusubiri. Kwa hiyo kila zoezi la kompyuta libandikie nusu saa ya vifaa: baada ya pawa fakta, wafundishe kupima kwa klampu mita na kutoa chaji ya kapasita kwa rezista kabla ya kugusa. Baada ya nyutro, wapeleke kwenye bodi ya mita ya fezi tatu iliyozimwa na kufungwa kufuli, wakague kiungo cha nyutro kwa macho na kwa bisibisi. Watakikagua kwa umakini ambao hukuwahi kuuona.

Ukitaka kuanza wiki hii, anza na nyutro. Inataka brauza tu, vyanzo viwili, rezista mbili na swichi, unaimaliza kuichora leo jioni.